Chunjua kwenye vidole vya mtoto: nishike dawa ipi ya nyumbani?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Ameota chunjua nne mkono wa kulia: mbili kwenye kidole cha shahada, moja juu ya kifundo cha kidole gumba na moja pembeni kabisa mwa ukucha wa kidole cha kati. Ya kwanza ilianza miezi 5 iliyopita. Mama mkwe anasema tuzifunge kwa unywele mpaka zikatike. Jirani ameniambia niponde kitunguu saumu. Kwenye simu nimeona siki, ganda la ndizi na tepu. Baba yake anasema tuziache tu. Mtoto mwenyewe ameanza kuficha mkono mfukoni kwa sababu wenzake wanamwambia ameshika chura. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, mama. Pole, na kijana naye mpe pole yangu. Umeeleza vizuri zilipo na zilipoanza, kwa hiyo naweza kukupa jibu la moja kwa moja kabla ya maelezo.

Baba yake hajakosea. Chunjua za mtoto mwenye afya kwa kawaida huondoka zenyewe. Ila mtoto aliyefikia kuficha mkono mfukoni hatumwambii asubiri tu. Dawa ya kupaka nyumbani ambayo imepimwa vya kutosha ikaonekana inasaidia ni asidi ya salisiliki, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya chunjua. Utaipaka kila siku kwa utaratibu nitakaoueleza, kwa muda wa wiki 12 hivi. Unywele, kitunguu saumu na siki viweke kando kabisa. Ganda la ndizi halitamdhuru, wala sidhani kama litamsaidia. Tepu ina habari yake, nitaifikia.

Sasa nikueleze kwa nini, maana wiki 12 ni nyingi, na mzazi asiyejua anapambana na nini huchoka ikifika wiki ya 3.

Kwanza habari ya chura. Mwambie mwanao leo hii, kabla hata hujanunua dawa, kwamba hakuna chura anayehusika. Vile vinundu vya mgongoni mwa chura ni tezi za ngozi yake mwenyewe na havimwambukizi mtu. Chunjua huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo wengi wanavijua kwa kifupi cha HPV. Jambo hili limejulikana zaidi ya miaka 100: mwaka 1907 daktari wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alionyesha kwamba maji yaliyochujwa kutoka kwenye chunjua iliyosagwa, yasiyobaki na seli wala bakteria, yanaweza kuotesha chunjua mpya kwenye ngozi. Leo tunajua aina zaidi ya 200 za virusi hivi, na kila kundi lina sehemu ya mwili linayoipenda. Zinazopenda mikono ya watoto, kama aina ya 2 na ya 4, si zile zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi. Nalisema hili mapema kwa sababu akina mama wengi wakisikia HPV hushtuka, na wengine huniuliza kama chanjo ya HPV itaondoa chunjua za vidoleni. Chanjo hiyo imelenga aina nyingine, hasa ya 16 na ya 18. Ni chanjo nzuri sana kwa kazi yake, na kazi yake siyo hii.

Virusi huingia kwenye ngozi iliyokwaruzika, iliyopasuka au iliyolowa muda mrefu. Mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha. Kisha hukaa kimya. Toka siku vilipoingia hadi siku unapoona kitu kimeota hupita wiki kadhaa au miezi, mara nyingi miezi 2 hadi 6. Kwa hiyo usipoteze usingizi ukitafuta ni mtoto gani aliyemwambukiza. Hutampata, na yeye mwenyewe hajui.

Sasa naomba ufanye jambo moja. Kaa na mwanao karibu na dirisha penye mwanga, mkono ukiwa umeoshwa, utazame ile chunjua ya kidole cha shahada kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Fuata mistari ya ngozi, ile inayochora alama ya kidole. Utaona inafika ukingoni mwa chunjua inakatika, halafu inaendelea upande wa pili, kama njia iliyokutana na jiwe. Ndani ya chunjua utaona vidoti vyeusi vidogo mno, kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano. Watu huviita mizizi, au mbegu, na ndiyo maana wengi hutafuta namna ya kuchimba mpaka "mzizi utoke". Vile ni vimishipa vya damu vilivyopanda juu kulisha chunjua, damu ikagandia humo. Chunjua haina mzizi. Yote nzima inakaa kwenye tabaka la juu la ngozi, na chini yake ngozi iko salama. Anayechimba anaumiza ngozi isiyo na kosa, na kovu litabaki pale hata baada ya chunjua kuondoka.

Kukaa huko juu ndiko kunakoifanya ichelewe kupona. Virusi hivi haviingii kwenye damu. Vinazaliana ndani ya seli za ngozi zinazopanda juu kufa na kupukutika kama magamba, navyo vinatoka pamoja na magamba hayo. Haviui seli kwa kishindo, haviletei mtoto homa, havivimbishi kidole. Kinga ya mwili, inayozunguka na damu huko chini, haina habari kwamba kuna mgeni. Siku inapogundua, kazi haichukui muda: chunjua hubadilika rangi, hukauka, na mara nyingi zote huondoka kwa pamoja ndani ya wiki chache. Kwa hiyo dawa nzuri ya chunjua hufanya mambo mawili kwa upole. Inaibandua chunjua safu kwa safu, na inaikera ngozi kidogo ili kinga ije kutazama kuna nini. Neno la kushika hapo ni "kidogo". Kuunguza ngozi hakuharakishi chochote.

Kabla ya dawa hakikisha kwamba ni chunjua kweli. Sugu ya kalamu, ile inayoota kwenye kidole cha mtoto anayebana kalamu kwa nguvu, mistari yake ya ngozi haikatiki na haina vidoti. Kuna pia vipele vya molaskamu, vinavyowapata watoto sana: ni laini, vinang'aa kama lulu, na kila kimoja kina kishimo kidogo katikati. Hivyo huletwa na virusi vya aina nyingine kabisa, navyo huondoka vyenyewe. Usivipake dawa ya chunjua. Na doa la kuzaliwa, au kidoti cheusi cha ngozi, usikiguse kwa dawa yoyote mpaka daktari amekiona. Kwa maelezo yako ya mahali zilipo na miezi 5 uliyotaja, za mwanao nazichukulia kuwa chunjua za kawaida.

Watoto wenye chunjua wakifuatiliwa bila kupewa dawa yoyote, karibu nusu yao huwa wamepona ndani ya mwaka 1, na kama theluthi mbili ndani ya miaka 2. Takwimu hiyo ndiyo inayozipa sifa dawa zote za chunjua duniani. Ukipaka chochote kwa muda wa kutosha, kuna siku chunjua itaondoka, na sifa itakwenda kwa kile ulichokuwa unapaka siku hiyo. Francis Bacon, mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1626, aliandika kwamba alikuwa na chunjua moja tangu utotoni. Akiwa Paris na umri wa miaka 16 hivi, mikono yake ikajaa nyingine, zikafika 100 kwa muda mfupi. Mke wa balozi akazisugua zote kwa kipande cha mafuta ya nguruwe chenye ngozi yake, kisha akakitundika dirishani kipate jua. Baada ya wiki 5 zilikuwa zimekwisha zote, hata ile ya utotoni, na Bacon akastaajabu hasa kwa ajili ya hiyo moja. Mimi namwamini. Nadhani alichokiona ni kinga ya mwili wake imeamka, ikafagia mpya na ya zamani kwa mkupuo mmoja, huku kipande cha mafuta kikiyeyuka dirishani bila kuhusika.

Kwa hiyo simbezi mama mkwe wako hata kidogo. Inawezekana kabisa aliona kwa macho yake chunjua iliyofungwa unywele ikaanguka. Zipo chunjua zenye shingo nyembamba, na hizo zikibanwa hukatika. Za mwanao zimekaa bapa kwenye vidole, hazina pa kufungia. Unywele utateleza, utazunguka kidole chenyewe, na unywele uliokaza kidole cha mtoto huvimbisha, kisha huzama ndani ya uvimbe usionekane tena. Nimewahi kupokea mtoto wa namna hiyo, na tulilazimika kuukata kwa mkasi mdogo wa upasuaji huku watu wawili wakimshika. Mweleze mama kwa heshima kwamba umepewa dawa ya kupaka na umeombwa usichanganye na kitu kingine. Hapo utakuwa umesema kweli, na hutakuwa umemvunjia heshima.

Kitunguu saumu ndicho kinachoniuma zaidi kati ya vyote ulivyotaja, kwa sababu kinaonekana cha jikoni, salama, cha asili. Miaka iliyopita aliletwa kwangu msichana wa miaka 6. Mama yake aliponda punje moja, akaiweka juu ya chunjua ya kidole, akafunga plasta, mtoto akalala nayo. Usiku mtoto alilia, mama akadhani dawa inafanya kazi. Asubuhi walipofungua, ngozi ya kidole kuanzia kifundo hadi ukucha ilikuwa imeinuka lengelenge moja kubwa la maji. Chunjua ilikuwa pale pale katikati, imekuwa nyeupe tu kwa kulowa. Kidonda kilichukua wiki kadhaa kupona, kikaacha baka jeusi, na baada ya yote hayo bado tulikuwa na chunjua ya kutibu. Kitunguu saumu kibichi kikipondwa hutoa kemikali inayounguza ngozi, na plasta huifungia hapo isipate kutoka. Zipo tafiti ndogo zilizojaribu dondoo la kitunguu saumu lililoandaliwa na kupimwa, nyingine zikaleta matumaini. Punje uliyoponda jikoni haina kipimo, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako.

Siki ni vivyo hivyo. Ina asidi ya asetiki, na pamba iliyolowa siki ikifungwa usiku kucha imeshawaunguza watoto. Wanaoisifu husema ikiuma ndiyo inaponya, na hapo wengi hujifariji kwamba dawa ya moto ni moto. Maumivu ya siki hayana uhusiano na kupona. Ni ngozi inayoungua. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kila mahali palipoungua huacha alama, pengine nyeusi zaidi, pengine nyeupe, kwa miezi au kwa miaka. Wengine hupata kovu la kuinuka. Mtoto aliyekuwa anaficha chunjua ambayo ingeondoka, sasa atakuwa anaficha alama isiyoondoka.

Yapo mengine hukuyataja lakini kuna msomaji anayafikiria, basi niyaseme haraka. Utomvu wa mnyaa na mimea ya jamii yake usiuguse: mtoto akijifuta jicho kwa kidole hicho anaweza kuumia jicho vibaya sana. Maji ya betri, ncha ya sigara, wembe, mkasi wa kucha, vyote hapana. Wembe unakata, damu inatoka, virusi vinasambaa kwenye ngozi iliyochanjwa pembeni, na badala ya chunjua moja unapata duara la chunjua.

Ganda la ndizi, upande wa ndani, ukifungia usiku, halina ushahidi wa maana. Halina madhara pia. Kama mtoto anapenda na bibi ameridhika, sitakukataza, ilimradi lisichukue nafasi ya dawa.

Tepu sasa. Mwaka 2002 Marekani, watafiti waliwagawa wagonjwa 61 wa umri wa miaka 3 hadi 22, na 51 kati yao wakafika mwisho wa utafiti. Wengine walifunikwa chunjua kwa ile tepu nene ya kijivu ya mafundi, wengine wakagandishwa kwa naitrojeni ya maji, kimiminika chenye baridi kali mno. Waliopona kwa tepu walikuwa 85 kwa 100, kwa kugandishwa 60 kwa 100. Dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2006 Uholanzi wakajaribu kwa watoto 103 wa shule ya msingi, nusu wakifunikwa tepu na nusu wakivaa kipete kisicho na dawa. Baada ya wiki 6 waliopona walikuwa 16 kwa 100 upande wa tepu na 6 kwa 100 upande wa pili, tofauti ambayo inaweza kuwa ni bahati tu. Kwa hiyo siwezi kukuahidi tepu, na siwezi kukuambia haifai kabisa. Mimi naitumia kama kifuniko juu ya dawa, kwa mtoto ambaye ngozi yake haiwashwi na gundi, kwa sababu inalainisha chunjua na inamzuia asiitafune. Kwa hiyo pekee, inastahili nafasi yake.

Na asidi ya salisiliki? Mwaka 2012 Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilichapisha mapitio yake ya dawa za chunjua na kukuta kwamba asidi hii inashinda dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, ingawa si kwa kishindo kikubwa. Nakwambia hilo ili usitarajie muujiza. Inaongeza nafasi ya kupona, kwa gharama ndogo na maumivu kidogo, na inampa mtoto kitu cha kufanya. Mtoto wa miaka 7 anayeona chunjua yake inapungua kila wiki anautoa mkono mfukoni hata kabla haijaisha.

Dukani omba asidi hiyo ya maji yenye nguvu ya karibu asilimia 17, ndiyo ya vidole. Kuna plasta za asilimia 40. Hizo ni za ngozi nene ya unyayo, usizitumie kwenye vidole vya mtoto huyu. Soma karatasi ya ndani na mwulize mfamasia umri unaoruhusiwa, maana dawa hutofautiana, na kwa mtoto mdogo chini ya miaka 4 mimi hupenda daktari amwone kwanza. Kama ana mzio wa aspirini, usiipake, ni ndugu wa dawa hiyo.

Chagua saa moja ya siku mtakayoishika. Jioni baada ya kuoga ni nzuri, kwa sababu chunjua imeshalainika. Kama hajaoga, aloweke vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10. Kisha isugue juu juu kwa tupa ndogo ya kucha, ile ya karatasi ngumu yenye msasa, utoe ule unga mweupe uliokufa. Sugua kama unayefuta, usikwangue. Ikionyesha rangi ya waridi au akisema inauma, umefika, acha. Ikitoa damu umepitiliza. Siku hiyo usipake dawa. Tupa hiyo iwe ya chunjua tu, isiguse ukucha wa mtu yeyote, na ikichakaa itupwe. Kausha mkono vizuri kwa taulo lake.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka, na ndiyo inayookoa ngozi: paka mafuta ya mgando kuzunguka chunjua, duara dogo, ili dawa ikimwagika isiguse ngozi nzima. Halafu chovya kijiti cha meno kwenye dawa, uweke tone moja juu ya chunjua yenyewe. Brashi iliyokuja na chupa ni kubwa mno kwa kidole cha mtoto. Subiri ikauke, itafanya utando mweupe. Weka plasta ndogo juu au kipande cha tepu. Kesho yake bandua utando, rudia. Chupa ifungwe vizuri, iwekwe mbali na moto kwa sababu nyingi za dawa hizi hushika moto upesi, na mbali na wadogo zake.

Akianza kuona mwasho mkali au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, pumzika siku 3 au 4, paka mafuta ya mgando tu, kisha endelea. Kupumzika hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kuacha moja kwa moja wiki ya 4 kwa kudhani haifanyi kazi. Utajua imekwisha kwa jicho lile lile la dirishani: vidoti vimepotea na mistari ya ngozi imerudi kupita bila kukatika. Ukiacha kabla mistari haijarudi, kuna mabaki, na itaota tena.

Ile ya pembeni mwa ukucha inahitaji subira ya peke yake. Pale dawa hushindwa kuingia vizuri, na ukiipaka kwa wingi unaweza kuumiza kitako cha ukucha, ukucha ukaota umepinda. Paka tone dogo zaidi, usiingize kijiti chini ya ukucha, usiikwangue. Na uniruhusu nikuulize: je, anatafuna kucha, au anang'oa vile vinyama vya pembeni? Chunjua za mahali pale mara nyingi huanzia hapo, na zikiwepo, meno huzisambaza kidole hadi kidole, hata mdomoni. Usimpige wala kumwaibisha kwa hilo. Plasta juu ya kidole inamkumbusha vizuri kuliko kofi.

Nyumbani, awe na taulo lake mpaka mambo yaishe, na asizichokonoe. Zaidi ya hapo msibadilishe maisha. Aende shule, acheze mpira, ashikane mikono na wenzake, alale na ndugu zake. Virusi hivi viko kila mahali na watoto wengi wameshakutana navyo. Akiogelea mahali pa watu wengi, plasta isiyopitisha maji inatosha. Kama kuna mtoto anayemsumbua sana, zungumza na mwalimu wake faraghani, umwombe awaeleze darasa zima habari za chunjua bila kutaja jina. Na mtoto mwenyewe mfundishe jibu fupi la kusema: "Ni chunjua, ninapaka dawa." Lifanyieni mazoezi nyumbani mpaka alitamke bila kuangalia chini. Nimeona sentensi hiyo ikizima utani wa wiki nzima.

Yapo mazingira ambayo nisingekushauri kutibu nyumbani. Chunjua za usoni, midomoni na kwenye kope ni za daktari. Salisiliki haipakwi huko. Chunjua sehemu za siri au njia ya haja kubwa ya mtoto ni za daktari mapema, bila ndugu kumhoji mtoto na bila kumtuhumu mtu kabla hajaonekana: zinaweza kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au mikononi mwa anayemwogesha, na zinaweza pia kuwa dalili ya kudhulumiwa, ndiyo maana lazima mtaalamu aangalie kwa utulivu. Mtoto mwenye kisukari naye asipakwe asidi kienyeji. Na chunjua nyingi zinazotokea kwa ghafla na kuenea, hasa kwa mtoto anayeugua mara kwa mara au asiyekua vizuri, zinanifanya niulize kinga yake ikoje, pamoja na kupima VVU. Mwanao ana nne, kwenye mkono mmoja, na ni mzima. Hayo sijayaona katika maelezo yako.

Utasikia pia habari za kugandisha. Kliniki hutumia naitrojeni ya maji yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Inasaidia baadhi ya watu, lakini inauma kweli, hutoa lengelenge, hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe. Kwa mtoto wa miaka 7 mwenye chunjua za miezi 5 sianzii hapo. Makopo ya kugandishia nyumbani hayafiki baridi hiyo, na bado yanaunguza yakishikwa vibaya, nayo yaacheni.

Piga picha ya mkono leo, kabla ya tone la kwanza, kisha kila Jumapili saa hiyo hiyo, mahali hapo hapo dirishani. Macho yanayoiona chunjua kila siku hayaoni ikipungua, lakini picha ya wiki ya 1 na ya wiki ya 6 zikikaa pamoja mtaona wote wawili, na yeye ndiye wa kuonyeshwa kwanza. Ikifika wiki ya 12 na zile za kidole cha shahada zimepungua, endelea mpaka mistari irudi. Kama hakuna kilichobadilika, au ile ya ukuchani imeanza kuinua ukucha, nenda naye kliniki ya ngozi ukiwa na picha hizo zote kwenye simu, pamoja na chupa ya dawa uliyotumia.